Mhaini, mchochezi, msaliti au mhujumu? Neno lipi kwa tendo lipi

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, jijini Tanga, mjadala wa siasa ukishapita kikombe cha tatu hauchelewi kumpata mhaini wake. Aliyehama chama mhaini. Waziri aliyetia saini mkataba mhaini. Anayelipinga bomba la mafuta linaloishia Chongoleani mhaini, na anayelitetea mhaini vilevile. Zamani maneno hayo yalimwagwa pamoja na mashapo ya kahawa na kesho yake watu wakasalimiana. Siku hizi yanaandikwa kwenye kundi la WhatsApp, yana tarehe, saa na namba ya aliyeyaandika, na kuna mtu ameshayapiga picha ya skrini kabla hujayafuta.

Ulinganisho huu ni wa anayeandika, anayesimamia kundi, anayepanda jukwaani, au anayetaka tu kubishana bila kujichongea. Maneno yanayochanganywa sana ni uhaini, uchochezi, usaliti, uhujumu uchumi na ugaidi. Yote yanauma, lakini hayapimwi kwa mizani moja, na moja kati yake halimo kabisa kwenye sheria ya jinai.

Uhaini: neno lenye milango mitatu

Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 28(4), inaliweka kosa hili juu ya makosa yote yanayotendwa dhidi ya Jamhuri ya Muungano, kisha inauachia ufafanuzi sheria nyingine. Sheria hiyo ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 39. Ukikisoma taratibu utaona mtu huingia kwenye uhaini kwa mlango mmoja kati ya mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa damu na silaha: kumuua Rais au kujaribu kumuua, au kupigana vita dhidi ya Jamhuri ya Muungano ndani ya nchi. Huu haubishaniwi sana.

Mlango wa pili ndio wenye foleni. Hapa sheria inamshika mtu aliyejenga nia, au aliyekusudia kumshawishi mwingine, kufanya moja kati ya mambo haya: kumuua, kumjeruhi au kumfunga Rais, kumwondoa Rais madarakani kwa njia isiyo halali, kuipindua Serikali ya Muungano kwa njia isiyo halali, au kuitisha Serikali, Bunge au Mahakama. Nia peke yake haitoshi. Lazima iwe imedhihirishwa, ama kwa kuchapisha maandishi, ama kwa tendo la wazi. Mtu anayelala na ndoto ya mapinduzi na kuamka nayo bila kuiandika wala kuifanyia lolote hana kesi. Akiandika mpango, akakodi nyumba ya vikao, akagawa majukumu, ndoto imekwisha kuwa tendo.

Mlango wa tatu ni wa adui wa nje: kujiunga na adui wa Jamhuri, kumsaidia, au kumchochea mtu aivamie nchi kwa jeshi.

Kwenye mlango wa pili liangalie vizuri neno "kuitisha". Hapa si kuita watu mkutanoni, ni kutia hofu. Ndilo neno pana kuliko yote katika kifungu hiki, na ndilo linalozua ubishi mkubwa kati ya mawakili wa Serikali na wa utetezi: ukali wa maneno huanzia wapi kuwa kitisho kwa mhimili wa dola? Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu tarehe 10 Aprili 2025 akishtakiwa kwa uhaini, na kiini cha shtaka kilikuwa maneno aliyodaiwa kuyatamka kuhusu kuuzuia uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Wasifu wa mshtakiwa hausaidii kuijua sheria. Kinachosaidia ni kuona kwamba upande wa mashtaka haukudai bunduki wala adui wa nje. Ulisimama kwenye nia, maneno na kitisho.

Maswali manne kabla ya kulitamka

Swali la kwanza: mtu huyo anadaiwa utii na Jamhuri? Uhaini ni kuvunja utii, na pasipo utii hakuna cha kuvunja. Raia anadaiwa popote alipo. Mgeni anaweza kudaiwa kwa muda anaoishi chini ya ulinzi wa nchi. Uingereza ilimnyonga William Joyce tarehe 3 Januari 1946 kwa kuitangazia redio ya Ujerumani wakati wa vita. Alizaliwa New York na hakuwa raia wa Uingereza, lakini alikuwa amechukua pasipoti ya Uingereza, na mahakama ikasema aliyejifunika kwa pasipoti anadaiwa utii wa mwenye pasipoti.

Mfano wa upande wa pili uko karibu nasi, Pangani. Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa pale na Wajerumani tarehe 15 Desemba 1889, na kwao alikuwa muasi. Lakini mwaka 1888 pwani ile ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na kampuni ya Kijerumani ilikuwa imepewa uendeshaji wake kwa mkataba tu. Abushiri hakuwahi kula kiapo kwa Kaisari. Unaweza kumwita adui wa Wajerumani, au mpiganaji, lakini kwa kipimo cha utii uhaini haumgusi. Wanaosimulia historia ya Tanga kwa neno "mhaini" wanachukua kalamu ya aliyemnyonga.

Swali la pili: tendo limemlenga nani? Hapa ndipo kesi nzima inaweza kuporomoka. Mwaka 1997 wafuasi na viongozi wa chama cha upinzani cha CUF walikamatwa Zanzibar, na watu 18 wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Walikaa rumande karibu miaka mitatu. Mwaka 2000, katika shauri la SMZ dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani ilisema uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano. Zanzibar peke yake haitendewi uhaini. Kosa waliloshtakiwa halikuwepo kisheria. Kama serikali yenye rais wake, baraza lake la wawakilishi na bendera yake haitendewi uhaini, basi chama cha siasa, halmashauri ya jiji, mkuu wa mkoa au klabu ya mpira havitendewi kabisa.

Swali la tatu: njia ni haramu? Kifungu kinasema "kwa njia isiyo halali" makusudi, kwa sababu ipo njia halali ya kumwondoa Rais. Ibara ya 46A inawaruhusu wabunge kupeleka hoja ya kumshtaki Rais: taarifa ya maandishi iliyotiwa saini na asilimia 20 ya wabunge wote, impate Spika siku 30 kabla ya kikao, na mwisho wa safari ni theluthi mbili ya kura. Anayesema "wabunge wamng'oe Rais kwa Ibara ya 46A" anasema jambo ambalo pengine halitatokea, lakini hasemi uhaini. Kadhalika "tumnyime kura". Kadhalika kususia uchaguzi kwa kubaki nyumbani, maana kupiga kura hapa kwetu si wajibu wa kisheria. Ukiongeza neno "na atakayekwenda kituoni tutamfundisha adabu," umetoka kwenye kususia na umeingia kwenye kutisha, na sheria zaidi ya moja zinakusubiri.

Swali la nne: nia imedhihirika wapi, na nani ataithibitisha? Katika kesi ya uhaini ya 1970 hadi 1971, iliyosikilizwa Dar es Salaam mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, shahidi mzito alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, aliyejifanya yumo kwenye njama ya mapinduzi huku akiipeleka habari serikalini. Bibi Titi Mohamed na wengine watatu walihukumiwa kifungo cha maisha, wawili wakapata miaka 10, mmoja akaachiwa huru. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama, alikuwa London na hakufikishwa mahakamani. Bibi Titi alitoka kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Kesi ile haikujengwa juu ya hotuba ya jukwaani. Ilijengwa juu ya vikao, barua, fedha na mtu wa ndani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa njama ya 1982 na 1983 iliyohusisha wanajeshi na raia: tisa walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1985, wakaachiwa kwa msamaha mwaka 1995. Katika kesi zote mbili hakuna aliyenyongwa.

Jibu la "hapana" kwenye swali lolote kati ya haya manne linatosha kukutafutisha neno jingine.

Yakiwekwa pamoja

| Neno | Kinachoguswa | Sheria | Dhamana | Mwisho wa makali |
|---|---|---|---|---|
| Uhaini | Dola yenyewe, Rais, mihimili | Kanuni ya Adhabu, k. 39 | Hakuna | Kifo |
| Uchochezi | Heshima ya serikali, utulivu wa watu | Sheria ya Huduma za Habari, 2016, k. 52 na 53 | Ipo | Faini au kifungo |
| Taarifa za uongo mtandaoni | Umma uliodanganywa | Sheria ya Makosa ya Mtandao, 2015, k. 16 | Ipo | Faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote |
| Uhujumu uchumi | Mali na fedha za umma | Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200 | Hutegemea kosa na thamani ya mali | Kifungo, hadi miaka 30 |
| Ugaidi | Maisha ya watu na usalama wao | Sheria ya Kuzuia Ugaidi, 2002 | Hakuna | Kifungo kirefu |
| Usaliti | Chama, rafiki, ahadi | Hakuna ya jinai | Haihusiki | Kupoteza nafasi, kura au urafiki |

Sheria zetu zimepitiwa na kuchapishwa upya katika Toleo la 2023, na baadhi ya namba za vifungu zimehama. Ukitaja kifungu, taja na toleo. Mawakili wazoefu wameonekana wakibishana nusu saa kumbe kila mmoja ana kitabu tofauti.

Uchochezi: jirani anayefanana kwa sura

Wengi wanaoitana wahaini mtandaoni, hata wakiwa na kosa kweli, kosa lao liko huku. Uchochezi ni kutamka au kuchapisha jambo kwa nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, au kuwagombanisha watu na watu. Hakuna haja ya mpango wa kupindua chochote.

Tofauti ya kutumiwa kila siku ni hii: sheria ya uchochezi yenyewe imeacha mlango wa kutokea. Kuonyesha kwamba serikali imepotoshwa au imekosea, au kutaja kasoro za katiba, sheria au uendeshaji wa haki ili zirekebishwe, si uchochezi. Kwa hiyo namna sentensi inavyoishia ina uzito. "Bandari yetu ya Tanga imekodishwa kwa hasara, Bunge liurudie mkataba" ina kasoro iliyotajwa na marekebisho yaliyoombwa. "Serikali hii ni ya majambazi, tusiitii" haina marekebisho ndani yake. Ina mwaliko wa kutotii, na hapo ndipo mwendesha mashtaka huanzia.

Vifungu vya uchochezi vya sheria ya 2016 havina afya nzuri kortini. Tarehe 28 Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwemo, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo ni hoja nzuri mkononi mwa wakili. Si hirizi ya kumzuia polisi asubuhi ya siku ya kukamatwa.

Usaliti: chukua hili, ni huru

Kama unachotaka kusema ni kwamba mtu alikuwa wetu akatugeuka, neno lako ni msaliti. Watu wa pwani wamelitumia kwa wapenzi, kwa mashoga (wanawake marafiki) waliochukuliana mabwana na kwa marafiki wa dhiki, na taarabu nzima imejaa kilio chake. Halina kifungu. Mbunge aliyehama chama ni msaliti kwa aliowaacha na shujaa kwa aliowaendea. Sheria inachokijua ni kitu kimoja tu: Ibara ya 71 inamwondolea mbunge kiti chake akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Hapelekwi kwa hakimu, kiti ndicho kinachokwenda.

Kwa wanajeshi neno ni jingine tena. Askari wa Tanganyika Rifles walioasi kambini Colito tarehe 20 Januari 1964 walihukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa maasi. Hawakushtakiwa kwa uhaini, ingawa nchi ilitikisika hasa. Hata siku ile, dola iliyokuwa na hasira ilichagua neno dogo lililotoshana na tendo.

Mkataba mbovu si uhaini, na hapa ndipo watu hukosea zaidi

Mikoa ya pwani ina historia ndefu ya ubishi wa mikataba. Bandari ya Bagamoyo ilisainiwa kwa kishindo mwaka 2013 na kampuni ya China Merchants, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015, na mwaka 2019 Rais Magufuli akaisimamisha akisema masharti yake hayakubaliki kwa mtu mwenye akili timamu. Mwaka 2023 ukaja mkataba wa bandari na Dubai kuhusu kampuni yake ya DP World, ulioridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni. Upande mmoja ukasema waliosaini ni wahaini. Mwezi Agosti mwaka huohuo, wakosoaji watatu waliokuwa mstari wa mbele wakakamatwa na uhaini ukatajwa dhidi yao, kisha wakatoka kwa dhamana ya polisi. Neno lilelile likatumika kama rungu na pande zote mbili, na kila upande uliamini ndio wenye haki nalo.

Pima mkataba kwa maswali yale manne. Aliyesaini anadaiwa utii, sawa. Lakini alilenga kumpindua nani? Alimsaidia adui gani, wakati nchi haina vita na nchi hiyo wala na kampuni hiyo? Nia ya kuiangusha Serikali iko wapi kwa mtu anayesaini kwa niaba ya Serikali hiyohiyo? Swali la pili tu linatosha kuliangusha shtaka. Na kama unayemtaja ni Rais, Ibara ya 46 inazuia kumshtaki kwa jinai akiwa madarakani.

Hasira ya mkataba ina zana zake, na zinakata kuliko tusi. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, kwa hiyo mbunge wako ana swali la kujibu kuhusu kura yake. Sheria mbili za 2017, ile ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na rasilimali zake na ile ya kupitia upya masharti hasi ya mikataba, zinalipa Bunge nguvu ya kuitaka Serikali irudi mezani. Waliopinga mkataba wa bandari walizitumia sheria hizo Mahakama Kuu ya Mbeya, wakashindwa tarehe 10 Agosti 2023. Walishindwa, lakini walisikilizwa kwa hoja za masharti ya mkataba, kifungu kwa kifungu, na hilo halipatikani kwa kumwita mtu mhaini.

Kama shaka yako ni rushwa, neno ni rushwa au matumizi mabaya ya madaraka, na mlango ni TAKUKURU. Kama shaka yako ni hasara iliyosababishwa kwa mamlaka ya umma, neno ni uhujumu uchumi. Kama huna mkataba wenyewe na unabishia uvumi, anza na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: andika barua kwa taasisi husika ukitaja waraka unaoutaka, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hesabu siku 30. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani limezua maswali mengi ya fidia ya mashamba na minazi. Barua moja yenye namba ya kiwanja ina uzito kuliko sauti kumi za dakika tano kwenye kundi.

Aliyevujisha waraka wa siri naye si lazima awe mhaini. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inayomhusu, nayo ni kali ya kutosha. Uhaini utaingia ikiwa waraka ulipelekwa kwa adui ili kumsaidia.

Ugaidi

Kwa kifupi: ugaidi unahitaji tendo la kudhuru au kutishia watu ili kulazimisha serikali au kuutia umma hofu. Unakaribiana na uhaini kwenye kunyimwa dhamana, na kwa mshtakiwa wa siasa hilo ndilo linaloumiza kwanza. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikaa rumande kwa shtaka la ugaidi tangu Julai 2021 hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipolifuta tarehe 4 Machi 2022.

Likishatamkwa na polisi, hufuata nini

Mshtakiwa hupelekwa kwanza mahakama ya chini, kwa mfano Mahakama ya Hakimu Mkazi Tanga. Hakimu humsomea mashtaka lakini humwambia asijibu kitu, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kosa hili. Dhamana hakuna, anakwenda rumande. Kesi huanza kutajwa, kwa kawaida kila baada ya siku 14, na jibu ambalo kila familia yenye mtu rumande inalijua kwa moyo ni "upelelezi haujakamilika".

Upelelezi ukikamilika kunafuata mwenendo kabidhi: mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo vitakavyotumika, ndipo jalada linahamia Mahakama Kuu, ambayo Tanga ina kanda yake. Hapo sasa anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Kwa kuwa adhabu ya juu ni kifo, asiyemudu wakili hupewa kwa gharama za umma. Hukumu ya kifo bado imo kwenye vitabu, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990.

Hati ya mashtaka ya uhaini huharibika kwa njia zinazojulikana. Inataja maneno bila kutaja nia. Inataja nia bila kuonyesha tendo lililoidhihirisha. Inanukuu video bila anayeweza kueleza imetoka wapi na nani aliikata. Au inakosea mlengwa, kama ilivyokuwa Zanzibar. Wakili wa utetezi huanza na mambo haya kabla hajagusa ukweli wa tukio, na kila pingamizi lina uamuzi wake, kwa hiyo miezi hupita.

Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kulifuta shauri wakati wowote kabla ya hukumu. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Oktoba 2025, mamia ya watu walishtakiwa kwa uhaini mwezi Novemba, na kabla mwezi haujaisha wengi wao wakafutiwa. Watu hudhani kufutiwa ni sawa na kushinda, lakini sivyo: shtaka lililofutwa kwa namna hiyo linaweza kurudishwa kwa ukweli uleule. Aliyeachiwa asitupe nyaraka zake.

Na aliyesikia tu? Kujua kwamba mtu anapanga uhaini na kunyamaza ni kosa linalojitegemea. Msimamizi wa kundi asome sentensi hiyo mara mbili. Ujumbe wa kupanga shambulio haufutwi kimyakimya, unatolewa taarifa.

Nchi nyingine zinaupimaje uhaini

Marekani ilikaza tundu tangu mwanzo. Katiba yao inasema uhaini ni kupigana vita dhidi ya nchi au kumsaidia adui wake, basi, na hapatikani na hatia mtu bila mashahidi wawili wa tendo lilelile au kukiri mbele ya mahakama. Maneno ya jukwaani hayapenyi hapo. Kenya ina sheria inayofanana na yetu kwa asili: Mwanasheria Mkuu alionya mwishoni mwa 2017 kwamba kumwapisha Raila Odinga nje ya sheria kungekuwa uhaini, Raila akaapa tarehe 30 Januari 2018 na hakushtakiwa, na tarehe 9 Machi akapeana mkono na Rais Kenyatta. Zambia ilimshtaki Hakainde Hichilema kwa uhaini mwezi Aprili 2017 baada ya msafara wake kudaiwa kutoupisha wa Rais. Shtaka likafutwa Agosti, na miaka minne baadaye akaapishwa kuwa Rais. Afrika Kusini ya makaburu iliwakamata watu 156 mwaka 1956, Nelson Mandela akiwemo, na hadi Machi 1961 hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia, kwa sababu serikali haikuweza kuthibitisha kwamba sera ya ANC ilikuwa kuiangusha dola kwa nguvu.

Na wewe unayemwita mwenzako mhaini

Kumtuhumu mtu kosa la jinai ni kashfa ya daraja la juu: anayekudai fidia hahitaji hata kuonyesha amepata hasara gani. Ukisema ni kweli, mzigo wa kuthibitisha ni wako, na utathibitisha uhaini kwa vipengele vyote vinne bila polisi, bila maabara, bila shahidi wa ndani. Ukiandika mtandaoni ukijua si kweli, kifungu cha 16 cha Makosa ya Mtandao kiko palepale.

Ukitaka kurekebisha kabla ya kubonyeza, badilisha jina kuwa tendo. "Diwani fulani ni mhaini wa Tanga" iwe "Diwani fulani aliahidi kuupinga ushuru huu tarehe fulani, kisha akaupigia kura." "Wahaini wameuza bandari" iwe "Kifungu hiki cha mkataba hakina ukomo wa miaka, nani alikipitisha?" Ukishaandika hivyo, anayekujibu itabidi ajibu kuhusu kura au kuhusu kifungu. Na kama ulishaandika la kwanza na limeshasambaa, kulifuta hakutoshi: weka marekebisho kundini palepale, kwa jina lilelile, kabla barua ya wakili haijafika.